Mashua yetu ya familia, 2009 hadi 2023: kuinunua, kuiandaa kwa safari, na kuikabidhi kwa mwenyewe mwingine

#1 Mwambao Tulivu (mleta uzi)

Wakuu, salamu kutoka Tanga.

Juzi kijana mmoja alinipigia simu, anatafuta mashua ya kutembelea na mke na watoto. Tuliongea karibu saa nzima, na nilipokata simu nikaona hata nusu ya mambo sijamwambia. Nayaweka hapa yamfae yeye na wengine.

Sisi tulikaa na mashua ya tanga miaka 14. Haikuwa ya uvuvi wala ya watalii, ilikuwa chombo cha nyumbani. Sababu ya kuinunua ilikuwa moja tu: mke wangu ni mtu wa Wete, na mama mkwe hakuwa radhi kuona wajukuu wanafika Pemba mara moja kwa miaka miwili. Tanga na Wete zinatazamana, kama maili 38 za bahari, lakini kwa miaka mingi njia ya kuaminika kwetu ilikuwa kuzunguka Dar na Unguja. Siku mbili njiani, nauli za watu watano, na watoto wanatapika kwenye basi kabla hata hawajaiona bahari.

Mashua ilikuwa ya futi 30, imejengwa Pemba. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na mataruma, yaani mbavu zake, vilikuwa vya mtondoo, mbao za ubavuni ni mwembe. Niliilipia 6,800,000 mwaka 2009. Shemeji yangu aliyeko Muscat alitoa milioni mbili katika hizo, na jambo hilo lishikeni kichwani, maana lilirudi mwishoni.

Sasa kosa langu la kwanza. Niliikuta imepandishwa mchangani, imepakwa rangi mpya ya kijani, inapendeza. Nilizunguka, nikapiga picha, nikalipa. Tulipoishusha majini ikavuja kila mahali. Nililala ndani yake siku tatu na upo mkononi, nafua maji nikiamini nimetapeliwa. Kumbe mbao zilikuwa zimekauka na kusinyaa. Siku ya nne zikavimba, nafasi zikajifunga, na yale maji mengi yakaisha. Lakini upande wa kushoto, kuomo, yaani mbele, ubao wa nne kutoka chini, palibaki pakidondosha. Pale hapakuwa na ukavu, palikuwa na uozo chini ya ile rangi ya kijani.

Kwa hiyo anayetaka kununua chombo cha mbao, akikague kikiwa kimekaa majini angalau wiki moja, kisha kipwelewe mchangani akitazame chini. Chukua kisu chenye ncha na nyundo ndogo. Gonga kila ubao: mbao nzima hulia kwa ukali, iliyooza hulia kama boga. Choma ncha ya kisu pale mbao zinapokutana na fashini, ule mti unaoinuka mbele na nyuma ya chombo, choma chini ya mguu wa mlingoti, choma ndani ya ngama, chini kabisa ya chombo, mahali maji ya mvua yanapotuama. Watu wengi hudhani maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha. Maji ya chumvi huleta mdudu anayetoboa mbao, ila uozo hasa huletwa na maji ya mvua yaliyokaa juu bila kukauka. Na rangi mpya kwenye chombo kinachouzwa ikwangue kidogo mbele ya mwenyewe. Akikataa, umeshapata jibu.

Mwendelezo unakuja, nitaandika jinsi tulivyoiandaa.

#2 Kijana wa Sinza

Mkuu nimekaa pembeni na chai yangu. Swali la haraka: kwa nini hukununua faiba tu? Na jumla ya gharama ilifika ngapi mpaka ikawa tayari kwa familia?

#3 Mwambao Tulivu

Kijana, faiba ya ukubwa ule sikuimudu, na Tanga mafundi wa mbao ninawajua kwa majina. Kitu unachoweza kukirekebisha mwenyewe na fundi wa jirani ndicho chako. Gharama ni hivi: 6.8 kununua, kama 5.4 kuiandaa kwa muda wa miaka miwili, na 2.6 mashine ya HP 15 iliyotumika. Matunzo kila mwaka yalikuwa kati ya laki tisa na milioni na laki mbili. Miaka ya kubadilisha tanga ilizidi hapo.

Kuiandaa sasa.

Tulianza na mbao. Ule ubao wa nne tukautoa, na wenzake wawili, tukaweka msaji wa shamba la miti la Longuza kule Muheza. Fundi akakalafati chombo kizima upya, yaani akaziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Chini ya mkuku tukapigilia ubao mwingine mwembamba wa kujitolea, yaani mdudu aule huo na mkuku wenyewe ubaki salama. Huo tulikuwa tunaubadilisha kila baada ya miaka kadhaa. Ni ubao wa bei ndogo mno ukilinganisha na kazi inayofanya.

Tanga. Mashua yetu ilikuja na tanga moja kubwa la turubai lililochoka. Wale waliozoea boti za kizungu wanajua kupunguza tanga kwa kulikunja upepo ukizidi. Tanga letu la foromali, ule mti wa juu unaolibeba, halipunguziki namna hiyo, unalishusha na kupandisha jingine dogo. Kwa hiyo nilishonesha mawili: kubwa la kaskazi na siku za upepo mwororo, na dogo la kusi. La dogo nilisita kulitolea hela, nikaona ni anasa. Mwezi wa sita wa kwanza tu tulipotoka nalo nilijua kwamba bila hilo nisingethubutu kupakia watoto. Kamba nazo: demani ya kuongozea tanga na henza ya kulipandishia, nikatoa za nazi nikaweka za nailoni nene, zinazoshikika hata mkono ukilowa.

Hapo mimi nilidhani nimemaliza. Mke wangu akaja gatini, akaizunguka, akasema, "Umetengeneza chombo cha mabaharia. Mimi na wanao tutakaa wapi?"

Aliuliza mambo matatu. La kwanza, binti zetu wawili watajisitiri wapi kwa saa nane katikati ya bahari? Sisi wanaume hili hatulifikirii kabisa. Tulijenga kijumba kidogo tezi, yaani nyuma, cha mbao nyepesi na pazia zito, ndani kiti chenye tundu na ndoo yenye mfuniko. Kazi ya siku moja na nusu. Naweza kusema ndicho kilichoifanya mashua kuwa ya familia, kuliko kitu kingine chochote nilichonunua. Kabla ya hapo mabinti walikuwa wanaacha kunywa maji tangu usiku ili wasihitaji choo, na mtoto asiyekunywa maji juani anaugua haraka.

La pili, kivuli. Tulitengeneza chandarua cha turubai jeupe kinachofungwa chini ya foromali tukiwa tumetia nanga, na kingine kifupi cha kukaa tezi wakati wa safari, chini kiasi kwamba tanga likipita halikigusi.

La tatu, watoto hawapandi bila jaketi za kuokolea. Alikataa zile za watu wazima zilizokazwa kwa kamba. Jaketi ya mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, na lazima iwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, la sivyo mtoto akianguka majini jaketi inapanda juu na yeye anachomoka chini. Nilizipata Mombasa, tatu, bei ilinichoma. Kila mwaka tulizijaribu kwenye maji ya kina cha kiuno, kwa sababu watoto wanakua na maboya yanachoka.

Mengine kwa kifupi: maji ya kunywa katika madumu ya lita 20, manne hadi sita, yamefungwa kila upande, maana dumu moja likiharibika unabaki na mengine. Paneli moja ya sola, betri, taa mbili na chaji ya simu. Redio ya VHF, antena juu ya mlingoti, kwa sababu redio hiyo husafiri kwa kuonana na ikikaa chini haifiki mbali. Ngazi ya kamba ya kumrudisha mtu chomboni. Nanga mbili, na mita kumi za mnyororo kabla ya kamba.

Jiko tuliliacha la kizamani: mkaa ndani ya sanduku la mchanga. Niliwahi kupeleka mtungi wa gesi, fundi mzee akaniambia niushushe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inateremka ngamani na kukaa huko ikisubiri cheche. Boti kubwa zina sanduku maalumu lenye tundu la kutolea nje. Sisi hatukuwa nalo.

#4 Fundi Tezo

Mleta uzi umeongea kama mtu aliyeshika upo kweli. Mimi ni fundi, Nungwi. Naongeza la chini ya chombo, hukuligusa.

Wengi wananijia na makopo ya rangi ya dukani ya kuzuia viumbe, wanataka niipake juu ya deheni. Haishiki. Deheni ni chokaa na shahamu, ni mafuta, rangi gani itashika juu ya mafuta? Ukitaka rangi, ukwangue mpaka mbao safi, uchome, ukaushe, ndipo upake. Ukiamua deheni, baki na deheni, upake kila miezi mitatu au minne. Na usipake bila kuchoma. Moto wa makuti makavu, unapitishwa polepole chini yote, mbao zipate joto bila kuungua, mdudu aliyekwisha kuingia afe. Halafu deheni juu yake. Juu ya maji, ndani na nje, sifa, yaani mafuta ya papa. Inanuka, lakini mbao inakunywa na kutulia.

Mtu asiyefanya hivi asilaumu fundi aliyejenga.

#5 Mama Wawili

Habari zenu. Naandika kutoka Mtwapa. Mimi na mume wangu tulikuwa na boti ya tanga ya faiba, futi 31, tuliyoinunua kwa mzungu aliyefika nayo kutoka mbali akachoka kusafiri. Nataka kumjibu yule kijana wa Sinza, asije akadhani faiba haina kazi.

Mwili wa faiba hauozi, ni kweli. Lakini kila kilichoshikana nao kinakula pesa. Waya zinazoshika mlingoti ni chuma cha pua, vinapasuka ndani kwa ndani bila kuonekana, na wengi hushauri vibadilishwe kila miaka kumi hivi. Matanga mawili, winchi, pampu, choo chenye valvu zake, kila tundu lililo chini ya maji ni mlango wa kuzamia. Jua letu linakausha raba za madirisha, mvua inaingia kwenye magodoro. Na mashine ya dizeli ya ndani hutaka kuwashwa kila wiki hata kama hamwendi popote. Spea ikikosekana Mombasa unaagiza ng'ambo, na ushuru juu.

Lile la choo alilosema mleta uzi, mke wako nampa heko. Sisi tulikuwa na choo cha pampu cha bei ghali na kiliziba safari ya pili. Tuliishia kwenye ndoo vilevile.

Ila ninachosubiri ni sehemu ya kuuza. Yetu ilikaa sokoni miezi kumi na minane.

#6 Mwambao Tulivu

Ahsante Fundi, na ahsante dada wa Mtwapa. La kuchoma kwa makuti ni sahihi kabisa, nasi tulikuwa tukifanya maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu. Unaleta chombo mchangani maji yakiwa yamejaa, yanatoka, unabaki na kama saa tano au sita za kukwangua, kuchoma na kupaka kabla hayajarudi. Watoto walikuwa na sehemu yao. Mdogo alikwangua chaza kwa kijiko cha zamani, na kazi yake ilikaguliwa kama ya mtu mzima.

Nieleze kuvuka kidogo, kwa sababu maandalizi yote ni kwa ajili ya hiyo siku.

Shule zinafunga mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Desemba ni kaskazi, safari ya raha. Juni ni kusi, na kusi ndiyo iliyotufunza. Kosa la wageni ni kutazama ramani, kuona Wete iko mashariki moja kwa moja, wakaelekeza omo huko. Mkondo unawabeba, wanaiona Pemba ikiteleza kulia kwao na hawaifikii tena bila kubisha, yaani kupanda kinyume cha upepo, nusu siku. Kusi ikivuma, yale maji yanaweza kwenda fundo tatu hadi nne, yaani maili tatu hadi nne za bahari kwa saa.

Wazee wa Kigombe walituonesha njia. Siku ya kwanza tunateremka kusini, ndani ya miamba, hadi Kigombe. Tunatia nanga penye mchanga, kwa sababu eneo lile liko ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009, na hata pasingekuwa na hifadhi, nanga haitupwi juu ya matumbawe. Tunapika, watoto wanalala mapema. Alfajiri, umande, yaani upepo mwanana wa nchi kavu, ukianza kutoka, tunapandisha tanga. Umande unatutoa hadi nje ya miamba, kusi inatupokea jua likipanda, na kutoka hapo tunaelekeza mashariki tu. Mkondo wenyewe unatupandisha kaskazini. Kwa fundo tano, baada ya saa nane, Wete iko mbele yetu. Kigombe iko kusini ya Wete kama kilomita 27, na mkondo wa fundo mbili kwa saa nane unakupeleka kaskazini kama kilomita 30. Nilipolipiga hesabu hilo mezani miaka baadaye kwa ajili ya binti yangu aliyekuwa kidato cha pili, nilinyamaza. Wazee wale hawakuwa na kikokotoo.

Sheria zetu chomboni: tanga likikisiwa, yaani foromali inavushwa upande wa pili, kila mtoto anakaa chini na mikono magotini hadi niseme basi. Hakuna anayesimama karibu na demani. Upepo ukipandisha povu jeupe kila mahali tukiwa bado Kigombe, tunakaa Kigombe. Mara moja tulikaa siku nne, mchele ukatuishia, tukarudi Tanga kwa daladala na mashua tukaiacha na mlinzi. Mama mkwe alilia kwenye simu. Sikuwahi kuijutia siku ile.

Na mara moja nilikosea. 2014, mashine ilitengenezwa na fundi mmoja mjini, akaweka pangaboi la mpira la pampu ya maji ambalo halikuwa la asili. Tunaingia mlango wa Wete jioni, upepo umekufa, maji yanatoka kwa nguvu, mashine ikachemka na kuzima. Tulikuwa tunasukumwa nyuma kuelekea mwamba, watu sita ndani. Nanga ya kwanza iliburuta. Ya pili ikashika. Tulikaa pale hadi maji yalipogeuka saa tano usiku, mke wangu anawasomea watoto dua kwa sauti ya chini, mimi nimeshika kamba ya nanga kwa mkono ili nisikie ikitetemeka. Tangu siku ile pangaboi la akiba lilikaa chomboni, na nilijifunza kulibadilisha mwenyewe. Nanga ya pili ndiyo iliyotuokoa.

#7 Mvuvi wa Msuka

Assalaam aleikum. Ami, hayo ya mlango wa Wete nayajua vizuri, jioni maji yakitoka pale si pahala pa kuingia bila upepo. Mngengoja nje.

Nami niseme jengine. Watu wanavuka na watoto bila jaketi, ukiwaambia wanasema Mungu yupo. Mungu yupo, na sisi wa huku tulikuwa macho usiku ule wa Septemba 2011 Spice Islander ilipozama nje ya Nungwi ikija kwetu. Hakuna nyumba Pemba isiyojua mtu. Meli ile ilikuwa ya chuma. Mkondo wa Nungwi hauulizi chombo ni cha nini. Jaketi za watoto alizozinunua huyu bwana kwa bei ya kumchoma, mimi nazihesabu ndiyo sehemu ya kwanza ya chombo, kabla ya tanga.

#8 Mwambao Tulivu

Waaleikum salaam ami. Ni kweli, tulipaswa kungoja nje. Haraka ya kufika ndiyo iliyotuponza.

Sasa kuachana nayo. Nimeahirisha sehemu hii siku mbili.

Kijana wetu mkubwa aliingia chuo Dar 2016. Dada yake akafuata, kisha akapata kazi Mtwara. 2019 mama mkwe alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nyumba ya Wete ikaingia kwenye mirathi. Ghafla tulikuwa na chombo kisicho na mahali pa kwenda. Hakuna aliyetamka hivyo. Tuliendelea kupaka deheni, tunasema Desemba tutatoka. Desemba inapita. 2021 tulitoka mara moja tu. 2022 hatukutoka kabisa, na mwaka ule ndipo niliona kitu kilichonishtua: sitaha ya tezi, pembeni ya kile kijumba cha mke wangu, ilikuwa imelainika. Maji ya mvua. Nilikuwa nimewaambia watu miaka yote kwamba chombo hufa kwa kukaa, na changu kilikuwa kinakufa nikikitazama kila Jumapili.

Niliwaambia wanangu kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Mdogo, yule wa kijiko, hakujibu siku mbili. Mke wangu alisema tuuze ikiwa ingali inaelea. Aliyekataa kabisa ni shemeji wa Muscat. Alikuwa na haki, milioni mbili zake zilikuwa mle, lakini nilielewa kwamba si pesa. Mashua ile kwake ilikuwa ndiyo iliyompelekea mama yake wajukuu wakati yeye hayupo. Tulizungumza mara tatu. Mara ya tatu nikamtumia video ya sitaha, nikibonyeza ubao kwa kidole gumba na kidole kinazama. Akakaa kimya, halafu akasema, "Basi iuzwe, lakini isiuzwe kuvunjwa."

Hilo ndilo likawa sharti letu.

Kabla ya kutangaza nilitengeneza sitaha, nikakalafati, nikapaka deheni. Rangi mpya sikupaka, nilitaka mnunuzi aone mbao. Nikaandika karatasi mbili za kasoro zote: ubao wa nne kuomo kushoto, uliowahi kubadilishwa, bado unadondosha kidogo kila kusi ikianza. Tanga kubwa limebakisha mwaka mmoja. Betri imekufa. Mguu wa mlingoti ulitiwa kiraka 2017. Nikaambatisha daftari la matunzo.

Wakaja watatu. Wa kwanza alitoa bei nzuri kuliko wote, milioni 11. Alitaka kuikata mlingoti, aijengee paa na viti, iwe ya kupelekea wageni kwenye fungu la mchanga kwa mashine. Ni biashara halali na sina neno nayo. Wa pili alitaka alipe nusu, nusu baada ya msimu. Wa tatu alikuja na mke wake na watoto wawili, mtu wa Wete mwenye duka la vifaa vya ujenzi, baba yake alikuwa nahodha. Alisoma karatasi zangu mbili zote, akaingia ngamani na tochi, akakaa humo nusu saa. Mke wake alikuwa tezi anafungua na kufunga pazia la kile kijumba. Alitoa milioni 9, taslimu, bila mashine.

Tulimpa.

#9 Kijana wa Sinza

Mkuu, milioni mbili za tofauti ya bei zimeachwa hivihivi? Kwa heshima zote, huyo wa kwanza angeweza kuahidi chochote na wewe usingejua. Na huyo wa tatu naye anaweza kuiuza kesho.

#10 Mama Wawili

Kijana, ngoja uwe na chombo. Sisi tuling'ang'ania bei miezi kumi na minane. Kila mwezi tulilipa mahali pa kuegesha, mlinzi, na mtu wa kuwasha mashine. Tulipouza hatimaye, tulichopata ukitoa gharama za kungoja kilikuwa chini ya ofa ya kwanza tuliyoikataa. Na matanga yalikuwa yameshaliwa na panya. Bei ya chombo haikai ilipo ukiwa unafikiria.

Baba, naomba uandike na upande wa makaratasi. Sisi ulitusumbua.

#11 Fundi Tezo

Nakubaliana na bibie. Mimi hapa ufukweni nina vyombo vitatu wenyewe wake hawajaamua. Viwili havitaamuliwa tena.

#12 Mwambao Tulivu

Kijana, umeuliza vizuri na sijakasirika. Kweli anaweza kuiuza kesho, siku hiyo itakuwa yake. Mimi nilichoweza kufanya ni kumchagua mtu ambaye siku ya kuichukua anataka kuisafiria. Zile mbili nilizigawa na shemeji nusu kwa nusu kama hasara, na yeye ndiye aliyesema tusizitaje tena.

Makaratasi, dada: tuliandikiana hati ya mauziano mbele ya mtendaji wa mtaa na mashahidi wawili kila upande, tukataja urefu, alama za chombo, vifaa vyote vinavyokwenda nacho, na zile kasoro tukaziambatisha zikiwa zimesainiwa naye. Chetu kilisajiliwa bara, kwa hiyo kufuta jina langu ilikuwa TASAC, shirika la uwakala wa meli la bara. Yeye anakwenda kukitumia Pemba, hivyo upande wa pili ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Usikabidhi chombo jina lako likiwa bado kwenye cheti. Kikipata ajali wiki ijayo utatafutwa wewe.

Vifaa nilivyobakisha ni mashine, ambayo niliiuza peke yake kwa mvuvi wa hapa, na redio. Jaketi tatu za watoto nilikuwa nimezitoa kwa sababu hazikuwamo kwenye mapatano. Mke wangu akaziona sebuleni, akamuuliza yule mama uzito wa watoto wake. Mbili zilitosha. Tukazijaribu majini pale pale gatini, kiunoni, kama tulivyozoea, ndipo wakaondoka nazo.

Waliondoka alfajiri na umande. Nilimweleza habari ya kuanzia Kigombe, akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, halafu akaniambia baba yake alikuwa akifanya hivyohivyo.

#13 Mvuvi wa Msuka

Ami, nimekuwa nikisoma uzi huu na kuuliza watu. Mashua ya futi 30, mbao bila rangi ubavuni, kijumba kidogo cha pazia tezi? Ipo Wete. Nimeiona Ijumaa. Kaitia tanga jipya, jeupe. Watu kama saba ndani, wanawake na watoto, walikuwa wanatoka kwenda kisiwa cha Misali.

#14 Mwambao Tulivu

Alhamdulillahi. Nimemsomea mke wangu, na nimeutuma ujumbe wako Muscat kama ulivyo.

Ami, ukimwona yule bwana mfikishie salamu zangu, na umkumbushe kusi inaanza. Ule ubao wa nne kuomo kushoto autazame kabla haujamkumbusha wenyewe. Pamba aitie kwa ndani kwanza, ndipo nje. Kwa nje peke yake haishiki, nilijaribu miaka mitatu.